Maji Yaliyobaki Ndani ya Chupa

Masomo: Mwanzo 21:8–21, 1 Wafalme 19:1–8

Tunawasalimu ninyi mlioketi jikoni mkingoja chai ichemke, ninyi mlio safarini, na ninyi wagonjwa mnaotusikiliza kutoka vitandani. Leo tunataka kuzungumza nanyi habari za jangwa na habari za kiu.

Huenda mtu akauliza, Je, watu wa Malakisi wanajua nini juu ya jangwa? Swali hilo ni la haki. Sisi tumelelewa chini ya Mlima Elgon. Mto Malakisi unashuka kutoka mlimani na kupita katika nchi yetu. Mvua ikichelewa wiki tatu tu, tunaanza kunung'unika na kuulizana kama mahindi yatapona. Mtoto wetu akisikia kiu, hukimbia nyumbani, huchota kikombe kimoja, hunywa nusu, na nusu ile nyingine huimwaga uani. Hakuna anayemgombeza, kwa kuwa maji yapo.

Lakini mlima wetu una mto mwingine pia. Mto Suam unaanzia juu ya mlima huo huo, unapita mpakani mwa Kenya na Uganda, kisha unageuka kwenda kaskazini, na huko chini watu wanauita Turkwel. Unapita Lodwar na kuingia katika Ziwa Turkana, baada ya kukata nchi kavu sana. Basi mvua ile ile inayonyesha juu ya Elgon, nyingine hushuka kwetu kustawisha mahindi na miwa, na nyingine huenda mbali kuwanywesha ndugu zetu wa Turkana pamoja na mbuzi na ngamia wao. Mlima ni mmoja, na aliyeleta mvua ni Mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, vijana wa kanisa letu walikuwa wakijifunza habari za nabii Eliya. Walipofika mahali alipokimbilia jangwani, mmoja wao alisema, "Walimu wetu, sisi tunasoma habari za jangwa, lakini hatujawahi kulikanyaga." Wenzake wakaunga mkono. Tulikuwa na urafiki na kanisa moja dogo lililo kati ya Lodwar na ziwa. Tukawaandikia wazee wa kanisa lile, nao wakatukaribisha kwa furaha. Shauri likawa hivi: tulale kwao usiku mmoja, na kesho yake tutembee kwa miguu kama kilomita 14 hadi ufuoni mwa ziwa. Gari letu lingekuja jioni kutuchukua huko.

Tuliondoka wakati wa likizo ya Agosti, vijana 14 na sisi viongozi 4. Tulipita Kitale, ambako asubuhi watu huvaa sweta, maana mji ule uko juu karibu mita 1,900. Tukapita Kapenguria, mahali ambapo Jomo Kenyatta na wenzake 5 walihukumiwa, katika kesi iliyoanza mwaka wa 1952. Kisha barabara ikaanza kushuka. Tulipopita Marich, milima ikabaki nyuma yetu, na upepo ulioingia dirishani ukawa kama pumzi ya tanuri. Lodwar uko chini, karibu mita 500 tu. Huko ndiko serikali ya wakoloni ilikomweka Kenyatta tangu mwaka wa 1959 hadi 1961, na vijana walipoona nchi ile walielewa kwa nini palichaguliwa pawe mahali pa kifungo. Joto la mchana hupita digrii 35 mara nyingi, na mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 200 tu. Kwetu mvua kama hiyo yaweza kunyesha katika mwezi mmoja.

Jioni ile wenyeji wetu walituletea mzee mmoja wa kijiji ili atuongoze njia. Alikuja na fimbo yake na kile kigoda kidogo ambacho wanaume wa Kiturkana hutembea nacho, ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Hakujua Kiswahili kingi, kwa hiyo mwinjilisti wa kanisa lile alitufasiria. Mzee aliketi juu ya kigoda chake, akatutazama mmoja mmoja, kisha akatupa maagizo. Tunataka kuwapa ninyi pia, maana siku hizi vijana wengi wa makanisa yetu wanapenda kwenda kutembea porini na milimani, na jambo hilo ni zuri wakilifanya kwa akili.

Kwanza, alisema, tuondoke gizani, saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi tuwe tumeketi kivulini. Tusisimame tena mpaka saa kumi, jua likianza kulegea.

Pili, kila mtu abebe maji yake mwenyewe, na asitegemee kuyapata mbele. Vijana walishangaa, kwa kuwa tulikuwa tunaelekea ziwani. Mzee akatikisa kichwa. Maji ya ziwa lile yana magadi, si maji ya kumtegemeza msafiri mwenye kiu. Hata Hesabu Teleki kutoka Hungaria, alipofika ziwani Machi mwaka wa 1888 pamoja na Luteni von Höhnel na wapagazi wengi waliotoka pwani, watu wake waliyakimbilia maji kwa furaha, na walipoyaonja wakaona si matamu. Kuona maji ni jambo moja, na kupata maji ya kunywa ni jambo jingine.

Tatu, tufunike vichwa na tuvae nguo zenye mikono mirefu, maana nguo ni kivuli ambacho mtu hutembea nacho. Nne, mtu asiende mahali ambapo wenzake hawamwoni. Tano, tusiketi wala tusilale ndani ya mto mkavu, hata kama mchanga wake ni laini na kuna miti mizuri kando yake. Mvua yaweza kunyesha milimani mbali sana, mbingu juu yako ikiwa safi, na maji yakaja kwa ghafula kama ukuta. Jambo hili si hadithi. Mnamo Septemba 2019, watu 7 walipoteza maisha yao katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, walipokumbwa na mafuriko ya ghafula, na mmoja wao alikuwa mwenyeji aliyewaongoza wageni. Sita, tukung'ute viatu kabla ya kuvivaa, kwa sababu ya nge na nyoka. Saba, mtu anayebaki nyuma ajue njia tutakayopita na saa tutakayofika, ili tukichelewa aje kututafuta.

Halafu mzee akasema neno la nane, na hili aliliambia sikio letu sisi viongozi. Alisema, "Anayetembea polepole kuliko wote ndiye atakayetangulia. Na anayesikia kiu aseme."

Tuliitikia kwa vichwa. Tuliandika maagizo yote katika daftari. Lakini, wapenzi, kuandika si kutii.

Asubuhi tuliamka kwa wakati, lakini tulianza na ibada ndefu. Kisha wenyeji wetu wakatuletea chai, na baada ya chai kila mtu akataka kupigwa picha na ngamia. Mzee alikuwa amesimama kando na fimbo yake, akitazama jua. Tulipoondoka ilikuwa saa mbili kamili. Tulikuwa tumekwisha kula saa tatu nzima za baridi tulizopewa na Mungu.

Tena tulifanya kosa lililo kubwa kuliko hilo. Kabla ya kuanza safari, sisi viongozi tuliwaambia vijana wayahifadhi maji yao, kwa kuwa njia ni ndefu. Kisha tukaongeza utani. Tulisema, "Vijana wa Malakisi ni wanaume. Atakayelilia maji kabla ya saa sita, huyo bado ni mtoto wa kunyonya." Hatutawaambia ni nani kati yetu aliyesema maneno hayo. Sote tulicheka, kwa hiyo sote tulisema.

Katika kundi lile kulikuwa na kijana mmoja wa miaka 16, mwana wa mama mjane wa kanisa letu. Ni kijana mpole, mwenye bidii, ambaye huchukua mizigo ya wengine bila kuombwa. Alitembea mbele pamoja na wakubwa. Saa tatu alikuwa akiimba. Saa nne alikuwa amenyamaza. Mzee alitaka tupumzike chini ya mti mmoja mkubwa wa miiba, ule wanaouita ewoi, lakini sisi tulimwomba twende mbele kidogo, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa. Saa tano kasorobo kijana alianza kuyumba. Tulifikiri amejikwaa. Mwenzake alimwuliza, "Uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa." Baada ya hatua chache alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akamwita marehemu baba yake, kisha akaanguka.

Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka mekoni. Tulipofungua mfuko wake, tulikuta chupa mbili kubwa za maji. Moja ilikuwa imepungua kidogo tu. Ya pili ilikuwa haijafunguliwa.

Wapenzi wasikilizaji, maji yalikuwa mgongoni mwake. Aliyabeba kilomita 8. Aliyasikia yakicheza ndani ya chupa kila alipokanyaga, wala hakuyanywa.

Mzee hakupiga kelele. Alituamuru tumbebe hadi kivuli kilichokuwa karibu, tumvue shati na viatu, tummwagie maji mwilini na kumpepea kwa shuka, wote kwa zamu, bila kuacha. Mmoja wetu alitaka kumtia maji kinywani kwa nguvu, lakini mwinjilisti alimzuia, maana mtu aliyepoteza fahamu hawezi kumeza, na maji yaweza kuingia katika mapafu. Simu zetu hazikuwa na mtandao mahali pale. Mzee akamtuma mjukuu wake kukimbia kijijini kuliita gari. Nasi tuliendelea kupepea na kuomba. Tunawaambia kweli, hatukuomba kwa maneno mazuri siku ile. Tulisema tu, "Bwana, mhurumie. Bwana, utuhurumie na sisi."

Baada ya muda, ambao kwetu ulikuwa kama siku nzima, kijana alifumbua macho. Akaweza kumeza maji kidogo kidogo. Gari lilikuja likampeleka hospitali, akatiwa maji kwa sindano, akalala huko siku mbili. Mungu ashukuriwe, alipona kabisa. Lakini muuguzi alituambia wazi kwamba joto la namna ile huua, na kwamba tungechelewa saa moja zaidi tungerudi Malakisi tukiwa na maiti.

Siku ya pili tuliketi kando ya kitanda chake. Tulimwuliza, "Mwanetu, kwa nini hukunywa maji?" Akatazama ukutani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niliogopa mngeniita mtoto."

Hatukuwa na jibu.

Tuliporudi nyumbani, tulikwenda kwa mama yake, sote wanne, kabla ya kwenda makwetu. Tulimweleza kila jambo bila kuficha, hata utani wetu, tukamwomba msamaha. Mama yule alinyamaza muda mrefu, mikono yake ikiwa juu ya magoti. Tulitazamia atukemee, na tulistahili. Lakini alisema hivi, "Wazee wangu, mtoto huyu hata hapa nyumbani hasemi akiumwa. Tangu baba yake afariki, watu humwambia kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii. Mimi mwenyewe humwambia hivyo. Nilidhani namtia nguvu." Akalia, nasi tukalia pamoja naye.

Ndugu zetu wapendwa, tangu siku ile tumekuwa tukisoma habari za jangwa katika Biblia kwa macho mengine.

Tazameni habari za Hajiri. Alifukuzwa pamoja na mwanawe, akapewa mkate na kiriba cha maji, akapotea katika jangwa la Beer-sheba. Maji yalipokwisha, alimlaza mwanawe chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali kidogo ili asimwone akifa. Mama akainua sauti akalia. Lakini someni vizuri. Biblia inatuambia kwamba Mungu aliisikia sauti ya yule kijana. Ndipo macho ya Hajiri yakafunguliwa akaona kisima. Mungu wetu ni Mungu anayesikiliza sauti ya kijana mwenye kiu. Na sisi, watumishi wa Mungu huyo, tulikuwa tumemfunga kijana wetu kinywa kwa kicheko.

Tazameni tena Eliya. Mtu yule alikuwa shujaa. Juu ya mlima wa Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Lakini baada ya hapo aliogopa, akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Je, Mungu alimwambia nini? Je, alimwita mtoto? Je, alimkumbusha ushujaa wake wa jana? Hapana. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwamsha ale tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ni baadaye, huko Horebu, ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini pale. Angalieni utaratibu wa Mungu: maji kwanza, swali baadaye. Mara nyingi sisi tunaanza na swali, na mtu anakufa kabla hajapata maji.

Tena kumbukeni Musa. Wana wa Israeli walikuwa na wingu la Bwana mbele yao. Hata hivyo, Musa alimsihi shemeji yake Hobabu asiwaache, kwa kuwa alijua mahali pa kupiga kambi jangwani, naye angekuwa macho kwao. Musa hakuona aibu kuongozwa na mwenyeji. Sisi tulikuwa na mwenyeji, tukamheshimu jioni na kumpuuza asubuhi.

Na sasa tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, sura ya 4, tunamwona ameketi kando ya kisima cha Yakobo, amechoka kwa safari, ilipokuwa saa sita mchana. Naye alimwomba maji mwanamke Msamaria, mgeni, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye. Na katika sura ya 19, akiwa msalabani, mbele ya adui zake waliokuwa wakimdhihaki, hakuficha kwamba ana kiu. Alisema, wakasikia. Mwana wa Mungu, aliyeziumba chemchemi zote, hakuona aibu kutaja kiu yake mbele ya watu. Basi ni nani aliyetufundisha sisi kwamba mwanamume wa kweli, au Mkristo wa kweli, hasikii kiu?

Wapenzi, jangwa haliko Turkana peke yake. Katika makanisa yetu wamo watu wanaotembea mbele, wanaoimba kwa sauti, wanaochukua mizigo ya wengine, na ndani yao wamekauka. Yupo baba mwenye deni asiloweza kulilipa, na kila Jumapili akiulizwa habari, hujibu, "Tunamshukuru Mungu." Yupo mama anayepigwa nyumbani, naye ni kiongozi wa wanawake. Yupo msichana mwenye siri inayomlemea, ambaye amesikia jinsi tulivyomsema mwenzake mwaka jana, akaamua kunyamaza. Hata mchungaji wenu, anayewagawia ninyi maji kila juma, huenda yeye mwenyewe hajanywa siku nyingi. Ukiwauliza watakwambia, "Niko sawa." Ndivyo alivyosema kijana wetu, hatua chache kabla ya kuanguka.

Nao wanayo maji. Biblia iko mezani. Ndugu wako jirani. Mungu yu karibu. Lakini maji yaliyo ndani ya chupa hayamponyi mtu; humponya yale aliyoyanywa. Hata wenye ujuzi wa safari za jangwani hufundisha hivyo. Wanasema mtu asiyaweke maji akiba wakati mwili unayataka, bali anywe anaposikia kiu, kisha apunguze jua na mwendo. Anayetaka kuyahifadhi maji yake, na atembee wakati wa baridi na kupumzika wakati wa joto.

Kwa hiyo tunasema maneno mawili leo. La kwanza ni kwako wewe uliye na kiu. Sema mapema. Usingoje mpaka uanze kuyumba. Kusema si aibu, wala si upungufu wa imani. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie. Na kabla ya mtu huyo, mwambie Bwana, ambaye anajua kiu ni nini.

Neno la pili ni kwetu sisi wazee, wazazi, walimu na viongozi. Na tujiulize, Ni neno gani tulilosema, hata kwa utani, lililomfunga mtu kinywa? Katika nyumba zetu humwambia mtoto wa kiume asilie. Katika kanisa humwambia aliyefiwa kwamba asihuzunike, kwa kuwa ameokoka. Tunadhani tunawatia nguvu. Lakini mzee yule wa Turkana, katika maagizo yake ya nane, alitufundisha uchungaji ulivyo: asiye na nguvu ndiye awekwe mbele, ili kundi lote lisipite mwendo wake. Yakobo naye, aliporudi kutoka kwa Labani, alikataa kwenda kwa mwendo wa Esau na watu wake, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya wanyama wanaonyonyesha. Huyo alikuwa mchungaji.

Na ninyi vijana mtakaosafiri kwenda nchi kavu, au hata kupanda Elgon yetu, yashikeni maagizo haya. Mtu atembeaye juani aweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja ya maji kwa kila saa, basi bebeni ya kutosha na kuzidi. Kuleni kitu chenye chumvi pamoja na kunywa, maana jasho huondoa chumvi mwilini, na maji matupu mengi kupita kiasi nayo hudhuru. Mkitaka, changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mwenzenu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu, au akikazwa na misuli, simameni hapo hapo, mketishe kivulini, mpeni kinywaji. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ni hatari kubwa. Mpozeni kwa maji na upepo mara moja, na msaada uitwe. Na msimwulize tu kama yuko sawa. Tazameni chupa yake. Kama imejaa, mwambieni, "Ndugu, simama. Tunywe pamoja."

Kijana yule sasa ni mtu mzima. Mwaka jana kanisa lilipopanga safari nyingine ya vijana, tulimwomba awaongoze. Alikubali. Usiku kabla ya safari aliwakusanya, akawaeleza habari zake mwenyewe, bila kutuficha sisi wala kutulaumu. Kisha akafungua chupa yake mbele yao wote, akanywa, akasema, "Mimi nina kiu. Na wewe?" Wakacheka. Lakini kicheko kile kilikuwa cha namna nyingine, na kila mmoja akafungua chupa yake.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyemsikia mtoto wa Hajiri jangwani, uwasikie leo wote wenye kiu wasioweza kusema. Utusamehe sisi tuliowafunga vinywa ndugu zetu kwa maneno yetu. Utufundishe kwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu. Uwalinde vijana wetu katika njia wasizozijua, na uwape unyenyekevu wa kuwasikiliza wenyeji. Uwabariki watu wa mlima na watu wa jangwa, ambao wewe umewanywesha kutoka chanzo kimoja. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyeona kiu kwa ajili yetu. Amina.